Mbuzi wa Inchi Kumi na Nne

Watu wengi hudhani picha nzuri hutoka kwenye kamera. Nilifanya kazi ya video Kayole kwa miaka mingi, na nawaambia bila kuficha kwamba hutoka kwenye tivii. Chukua kanda iliyochoka, iliyorekodiwa na kufutwa mpaka imekuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, itie kwenye deki yenye tivii ndogo, na kila mtu atasema mimi Opicho ni fundi. Ipeleke kanda hiyo hiyo kwenye tivii kubwa, na mama wa bwana arusi atakuuliza kwa nini mwanawe anaoa katikati ya mvua ya mawe. Ndiyo maana katika kibanda changu pale kando ya Spine Road sikuwahi kuweka tivii inayozidi inchi kumi na nne. Mteja aliitazama kazi yake hapo, akafurahi, akaondoka nayo. Alichokigundua baadaye nyumbani kilikuwa ni kati yake na tivii yake.

Nimeungama hilo mapema ili usije ukanisema baadaye. Sasa nieleze habari ya mbuzi.

Mwaka wa 1996, mwezi wa Agosti, binamu yangu Wabwire alitaka kumwoa Ndinda. Wabwire alikuwa mchanganyaji wa rangi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, akikaa Mukuru kwa Njenga na kwenda kazini kwa miguu. Ndinda alikuwa karani, msichana wa Kikamba, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Sisi ni watu wa magharibi, kwa hiyo tulikalishwa chini tukafundishwa. Tuliambiwa kwamba kwa Wakamba mahari yaweza kungoja hata miaka kumi, ila mbuzi watatu wa ntheo hawangoji. Bila mbuzi hao, hata ufungishwe ndoa na maaskofu wanne, wewe ni mtu tu anayetembea na binti wa watu. Na mbuzi wenyewe wawe wakubwa, wazima, na wazee wa kwao wawaone.

Taabu ilikuwa kwenye kuwaona. Baba yake Ndinda alikuwa ameshafariki, na mwenye neno alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Munyoki, dereva mstaafu aliyekaa mtaa wa Tena. Mzee huyo alipanda kigoda kubadilisha balbu, akaja chini pamoja na balbu. Siku tuliyokwenda kujitambulisha alikuwa hospitalini, na alipotoka alikuwa na plasta kutoka kwenye kifundo mpaka juu ya paja, mguu umenyooka kama mwiko. Asingeweza kusafiri mpaka Kangundo, kijijini kwao, kwenye sherehe. Akamtuma mdogo wake, Nyamai, mchonga vinyago, apokee mbuzi kwa niaba yake. Lakini akasema, na Ndinda akatuletea maneno hayo huku akijifuta machozi, kwamba mpaka awaone kwa macho yake mwenyewe, mbuzi hawajafika. Kwa hiyo video ipigwe, aletewe.

Kanisani ndoa ilikuwa imetangazwa mara mbili, imebaki mara moja, Jumapili inayofuata. Mchungaji alikuwa amesema wazi kwamba bila neno la Mzee Munyoki hatatangaza mara ya tatu. Arusi yote ilikuwa imening'inia kwenye kanda yangu.

Mbuzi walikuwa wakubwa. Nasema hivyo kwa sababu mmoja alinikanyaga. Wabwire alikuwa amejinyima mwaka mzima ili awapate, na walipoteremshwa kwenye pikapu kule Kangundo hata akina mama walirudi hatua moja nyuma. Nilisimama mbali ili boma lote liingie kwenye picha, mbuzi mbele, wazee nyuma, na pikapu pembeni. Kanda niliyotumia ilikuwa imeshafutwa mara tatu. Wabwire ni binamu, binamu halipi, na asiyelipa hapati kanda mpya.

Jumatano baada ya sherehe nilibeba deki yangu mpaka Tena. Tivii ya Mzee Munyoki ilikuwa ndani ya kabati lake la mbao lenye milango miwili na kufuli, na ufunguo alikuwa nao shingoni. Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa saa isiyotembea. Ilikuwa tivii ya inchi kumi na nne, ya rangi nyeusi na nyeupe, ila Mzee alikuwa ameifunika kioo kwa ile plastiki ya rangi tatu iliyouzwa sana wakati ule ili kila mtu ajione ana tivii ya rangi. Juu buluu, katikati hudhurungi, chini kijani.

Nikatia kanda. Moyo wangu ulitulia mara moja, kwa sababu picha ilikuwa safi ajabu. Chenga, zile punje nyeupe za kanda iliyochoka, hazikuonekana kabisa. Nyamai, aliyekuwa amekaa kwenye kochi karibu na mlango, alinisifu kwa sauti.

“Picha kali hii, kaka,” akamwambia Mzee. “Hakuna haja ya kutafuta nyingine.”

Mzee Munyoki aliinama mbele mpaka pale plasta ilipomruhusu, akatazama mbuzi watatu wenye pembe za buluu, matumbo ya hudhurungi na miguu ya kijani, kila mmoja na ukubwa wa kidole chake gumba. Akatazama muda mrefu.

“Hawa ni paka,” akasema.

Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba nilipiga picha kutoka mbali na tivii nayo ni ndogo. Nikamwonyesha Nyamai kwenye picha, amesimama nyuma ya mbuzi. Nikamwambia apime mwenyewe, kama Nyamai naye amekuwa mdogo, basi kila kitu kimepungua kwa kadiri ile ile.

“Nyamai amekuwa mdogo siku zote,” Mzee akasema.

Mzee akaweka kidole kwenye kona ya kioo, pale karibu na gari.

“Na hiki cha kijani ni nini?”

“Kichaka,” Nyamai akajibu upesi.

“Mbona kinatembea?”

“Upepo, kaka.”

Nikakodoa macho. Kweli kulikuwa na kitu cha kijani, na kweli kilikuwa kinatikisika. Mimi niliyepiga picha ile kwa mkono wangu nilikubali kwamba ni kichaka. Mzee naye akakubali, au alichoka kuuliza. Kisha akauliza jambo jingine kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu, kama anayemuuliza yule mbuzi wa katikati.

“Zaidi ya hawa, hawakuleta kitu kingine?”

“Ni watu wa mbali, kaka. Hawajui desturi,” Nyamai akasema.

Mzee akafunga milango ya tivii, akapiga kufuli, akarudisha ufunguo shingoni. Alisema yeye hatoi mtoto wa marehemu ndugu yake kwa paka watatu, na kwamba nikimaliza chai nichukue deki yangu niende. Chai ilikuwa moto sana. Niliinywa hivyo hivyo.

Jioni nilimweleza Wabwire. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi, maana mimi nilikuwa nimekasirika kwa niaba yetu sote. Aliweka mikono yake yenye madoa ya rangi magotini, akasema kama tatizo ni tivii ndogo basi Mzee aonyeshwe kwenye tivii kubwa. Na tivii kubwa kuliko zote Kayole ilikuwa kwa Mulama, kwenye jumba lake la video, inchi ishirini na tisa, ya rangi hasa.

Nikaanza kutafuta sababu. Mzee ni mtu wa kanisa, hawezi kuingia kwenye picha za ngumi. Mguu haukunji. Deki ya Mulama hula kanda. Nilikuwa na sababu saba, na ile ya kweli sikuitaja. Jumba lile hujaa kila Jumamosi watu wa Kayole wanaooa na wanaotaka kuoa, yaani wateja wangu wote, na mimi nilijua kanda ile itakavyokuwa juu ya inchi ishirini na tisa. Nyamai pia alinijia kibandani kesho yake, akaniambia kwa huruma nyingi kwamba nisikubali, nitajiharibia jina. Nikamshukuru. Nilimwona mtu mwema anayejua thamani ya kazi ya fundi mwenzake.

Ijumaa akaja Ndinda. Hakuleta sababu hata moja. Aliweka juu ya meza yangu mfuko wenye kitambaa cheupe cha gauni lake, bado hakijakatwa.

“Shemeji, niambie tu,” akasema. “Nimpelekee fundi leo, au nikirudishe dukani?”

Niliona aibu. Miaka sita nilikuwa nikiwaambia maharusi watabasamu, na hapa nilikuwa tayari kuifuta arusi ya binamu yangu ili watu wasijue nina kanda mbovu. Nikamwambia akakate kitambaa.

Kumshawishi Mzee hakukuwa kugumu. Ndinda alimwambia kuna mahali mbuzi wataonekana na ukubwa wao wa haki, na Mzee, aliyekuwa na wiki tano hajatoka nje ya mlango, alisema hata akichomwa mguu ataenda. Teksi haikuwezekana kwa sababu mguu ulikuwa mrefu kuliko kiti. Basi tukatafuta mkokoteni, tukautandikia godoro, na wa kuusukuma akawa Wabwire mwenyewe, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mzee hakuwahi kumwona. Kwenye tivii yake bwana arusi alikuwa na uso wa ukubwa wa punje ya mtama, tena wa hudhurungi.

Kutoka Tena mpaka Kayole ni mwendo. Nilitembea kando yao, na njia nzima Mzee Munyoki, amelala chali na mguu umeelekea Kayole, alimpa msukuma mkokoteni mawaidha. Alimwambia siku akitaka kuoa asiende kwa watu na paka. Alimweleza kuhusu kijana mmoja wa kiwandani, mchoyo asiyefikiria wazee. Tulipofika kwenye mteremko, mkokoteni ukashikwa vizuri usiruke hata shimo moja, Mzee akageuza shingo.

“Wewe una mikono ya kazi,” akasema. “Laiti ungekuwa wewe ndiye unayemtaka binti yetu.”

“Ndiyo, mzee,” Wabwire akajibu.

Ilinibidi nitazame upande mwingine.

Jumba la Mulama lilikuwa la mabati, na Jumamosi ile mchana lilikuwa limejaa. Mulama alinikubalia dakika ishirini tu, kati ya picha mbili za ngumi. Tuliingiza mkokoteni mzima, tukauegesha mbele kabisa. Nyamai alikuwa amekuja, amekaa pembeni. Alikuwepo pia Beldina, mama mdogo wa Wabwire, muuza omena, aliyekuwa ameongoza upande wetu kule Kangundo. Watu walipoona badala ya ngumi kumeingia mzee na plasta, walinung'unika. Mmoja akasema kwa Sheng kwamba yeye amelipia mangumi, si hosi, yaani hospitali.

Kanda ikaanza. Mungu wangu.

Chenga zilijaa kioo kizima. Mistari ilipanda na kushuka. Anga lilikuwa la waridi. Kando ya boma kulikuwa na kivuli cha arusi niliyoifuta mwezi wa Machi, keki ikielea juu ya zizi. Jumba zima likacheka.

“Opicho, buda, kwani siku hiyo ilinyesha?” mtu akauliza kutoka nyuma.

Nilisimama karibu na deki nikitamani ingeimeza kanda kama nilivyowaambia. Niliona angalau watu wanne waliokuwa wamenipa kazi ya Desemba, na niliwaona wakiniondoa kazini mmoja mmoja.

Kisha mbuzi wakateremka kutoka kwenye pikapu.

Kicheko kikapungua. Mbuzi wale, pamoja na chenga zao, walikuwa na urefu wa kiganja kizima juu ya kioo, na walitembea kama wenye nyumba. Kijana mmoja akasema hizo si mbuzi, hizo ni ng'ombe zimenyoa. Mchinjaji mmoja, aliyekuwa na aproni yake bado, alisimama akakadiria kwamba yule wa kushoto hapungui kilo arobaini bila ngozi, na mwenzake akabisha, na jumba likagawanyika kuhusu kilo. Mzee Munyoki alikuwa ameshika ubao wa mkokoteni kwa mikono miwili.

“Hao ni mbuzi,” akasema.

Nilishusha pumzi. Nikanyoosha mkono nizime deki, kazi imeisha, lakini Mzee akanikataza. Alikuwa ameona uso wa kijana aliyeshika kamba ya mbuzi. Akautazama. Kisha akageuza shingo polepole, akamtazama msukuma mkokoteni wake, akarudi kwenye kioo.

“Toa kofia,” akamwambia.

Wabwire akatoa kofia. Watu wa mbele wakaona, wakawaambia wa nyuma. Mzee akautazama ubao wa mkokoteni, bila shaka akikumbuka mawaidha yote ya njiani. Na wakati huo huo, juu ya kioo, kile kichaka kikaingia.

Hakikuwa cha kijani. Kilikuwa chekundu, chenye maua makubwa meupe, ndani ya mfuko wa plastiki unaong'aa. Lilikuwa blanketi jipya, lile zito wanalojifunika watu wenye heshima zao, na lilikuwa linatembea kwa sababu Nyamai alikuwa amelibeba kwapani, ameinama, akilisukuma nyuma ya kiti cha pikapu aliyorudi nayo mjini.

“Rudisha nyuma,” Mzee akasema.

Nikarudisha. Blanketi likatoka kwenye gari, likarudi kwapani. Nikaachilia. Likaingia tena. Jumba zima, watu zaidi ya mia waliolipia ngumi, waliinama mbele.

“Upepo,” Mzee akasema.

Beldina alikuwa amesimama. Kwetu ni aibu kuuliza zawadi uliyoitoa imefika wapi, na ndiyo sababu yeye na Wabwire walikuwa wamekaa na maumivu yao wiki nzima, wakidhani Mzee amelipokea blanketi akalidharau. Lakini sasa haikuwa yeye aliyeuliza.

“Hilo nililikabidhi mwenyewe, mkwe,” akamwambia Mzee. “Nikasema, hili ni la mkubwa aliyevunjika mguu, usiku asione baridi. Kijana alilichagua yeye.”

Mzee Munyoki akaanza kulia. Sikutegemea, na sidhani yeye alitegemea. Alilia kimya, bila kujifuta, mbele ya watu wa picha za ngumi, na hapo nikaelewa kwamba mbuzi hawakuwahi kuwa shida yake. Wangeweza kuwa na ukubwa wa tembo na bado angewaita paka. Alikuwa amelala wiki tano na mguu mgumu akidhani watu wanaoa na kuozana na hakuna aliyemkumbuka.

Nyamai alisogea mpaka kwenye mkokoteni. Alionekana mdogo kweli.

“Kaka, mimi nimejifunika mablanketi yako yaliyochakaa tangu nizaliwe,” akasema. “Nilitaka nilale na jipya mara moja tu. Kisha ningekuletea.”

“Ungeniletea likiwa limechakaa,” Mzee akasema.

Mzee akajifuta uso kwa kitambaa, akamwita Wabwire asogee, akamuuliza kwa nini njia nzima hakusema yeye ni nani. Wabwire akajibu kwamba hakuulizwa, na tena mteremko ulihitaji pumzi. Mzee akamshika ule mkono wenye madoa ya rangi.

“Mbuzi wamefika,” akasema.

Watu wakapiga makofi, mchinjaji akapiga zaidi, na Mulama akatuambia dakika zetu zimekwisha. Tulipokuwa tukitoa mkokoteni, Mzee alinipungia mkono niiname. “Picha yako ni mbaya sana, kijana,” akaninong'oneza. Nikamwambia najua.

Ndoa ikatangazwa kesho yake, na Jumamosi iliyofuata wakaoana. Nilinunua kanda mpya kwa ajili ya arusi hiyo, ya kwanza katika maisha yangu ambayo binamu alipewa. Kulikuwa na jua la kupasua vichwa, na Mzee Munyoki alikuja kanisani amejifunika blanketi jekundu kutoka shingoni mpaka kwenye plasta. Nyamai alikaa karibu naye, na niliona ncha moja ya blanketi imewekwa juu ya magoti yake, naye anatokwa jasho na hathubutu kuiondoa. Mzee alinizuia kila nilipopita. Sogea karibu, aliniambia. Karibu zaidi. Nikasogea mpaka nikaacha kumwona mtu.

Ndinda hajanisamehe hadi leo. Katika kanda ya arusi yake yeye anaonekana dakika nne, na blanketi dakika tisa.

Tulikwenda kuitazama Tena wiki iliyofuata. Mzee akatoa ufunguo shingoni, akafungua milango ya tivii. Plastiki ya rangi tatu alikuwa ameibandua. Nyamai alikuwa amekaa pale pale karibu na mlango, na mimi kando ya deki. Nyimbo zikapita, keki ikapita, kisha blanketi likajaza kioo chote cha inchi kumi na nne kutoka kona hadi kona, ua moja jeupe katikati kama sinia.

Mzee akanyoosha kidole.

“Na hiki ni nini?” akauliza.

Nyamai akalitazama kwa muda.

“Ni blanketi, kaka,” akasema.

Mzee akaegemea nyuma, akaomba aongezewe chai.